Uumbaji na zama za mwanzo za ulimwengu wa kubuni: kurasa 40 zisizo na uhai, ufa uko wapi?

Mchora_Ramani

Wakuu, salaam. Ninaandaa riwaya ya fantasia, na kabla ya kugusa sura ya kwanza nimeandika historia ya ulimwengu wenyewe tangu uumbaji. Imefika kurasa 40. Nikiisoma naona hakuna kilichosahaulika, lakini imelala. Inasomeka kama daftari la mahudhurio. Naweka muhtasari hapa, mnioneshe penye ufa.

Ulimwengu unaitwa Ardhuma. Mwanzo ulikuwapo Ukungu tu. Ndani yake akaamka Ulu, akapumua, pumzi ikawa upepo. Akaumba miungu 12 na kumpa kila mmoja idara yake: bahari, moto, mavuno, vita, usingizi na kadhalika. Shenda akafuma mbingu. Mbiru akachonga milima. Kazuru, mungu wa vita, akaasi na kufungwa chini ya ardhi. Kisha zikaja zama tano. Zama za Ukungu: miungu peke yao. Zama za Majitu: wanajenga miji ya mawe na kufua chuma. Zama za Mwezi: mwezi unazaliwa, na Waanu, watu wanaoishi miaka 900, wanaamka. Zama za Binadamu: watu 200 wa kwanza wanatoka pangoni. Zama za Sasa: falme saba. Zama nne za kwanza kila moja ni miaka 10,000, na riwaya inaanza mwaka wa 2,300 wa zama za tano.

Maswali yangu: miungu 12 ni wengi mno? Urefu wa zama nipangeje? Hawa Waanu wa miaka 900 wanaleta tatizo lolote kwenye historia? Na kurasa hizi niziingize vipi kwenye riwaya bila kumchosha msomaji?

Mfuma_Mikeka

Ndugu Mchora, ufa ni mmoja ila umejirudia kila mahali: miungu wako wanafanya kazi bila gharama. Ulu anapumua, upepo upo, yamekwisha. Hakuna kilichopungua, hakuna aliyedhulumiwa, hakuna anayedai. Msomaji akifika mwisho wa aya hana swali lolote mkononi.

Tazama visasili vilivyodumu, yaani hadithi za watu kuhusu mwanzo wa vitu. Kwa Wababeli, Marduk anampasua Tiamat vipande viwili kama samaki wa kukaushwa, nusu moja anaiezeka iwe mbingu, halafu anaweka komeo na walinzi ili maji ya juu yasimwagike. Komeo hilo ndilo roho ya kisa, maana tangu hapo mbingu ni kitu kinachoweza kuvuja. Kwa watu wa Skandinavia ya kale, nyama ya jitu Ymir ni nchi kavu, damu yake bahari, fuvu lake anga; ulimwengu mzima ni maiti, na waliomuua ndio wanaotawala. Waakan wa Ghana husimulia kwamba Nyame, Mungu aliye juu, alikaa karibu na watu, hadi bibi mmoja aliyekuwa akitwanga chakula akawa anamgonga kwa mchi kila siku, naye akapanda juu akaenda zake. Umbali wote kati ya mbingu na ardhi umepata sababu, na sababu yenyewe unaweza kuishika mkononi: mchi.

Kwa hiyo chukua karatasi uchore safu tatu. Ya kwanza, tendo la uumbaji. Ya pili, alama yake inayoonekana leo: kitu cha kushikwa, kuchorwa kwenye ramani au kusikika. Ya tatu, nani leo anafaidika au anaumia kwa alama hiyo. Tendo lisilojaza safu ya tatu liondoe hata kama sentensi yake ni tamu. Kwa muhtasari ulioweka, naona sehemu kubwa itaondoka, na usiihurumie.

Nijaribu na vya kwako. Ulu alitoa pumzi, je, aliivuta? Sema pumzi moja ya Ulu inachukua mwaka mzima. Nusu mwaka anatoa, upepo unavuma kwenda baharini. Nusu mwaka anavuta, upepo unarudi. Katikati kuna siku chache za shwari, na katika siku hizo hakuna anayejua kama atavuta tena. Tayari una msimu wa safari, una siku za hofu, na una bandari iliyotajirika kwa sababu vyombo hukwama humo vikingoja upepo ugeuke.

Mbiru alichonga milima: vibanzi viliangukia wapi? Hakuna mchongaji asiyeacha vibanzi. Vinaweza kuwa visiwa, au nyika ya mawe ambayo wakulima wake hudai fidia katika kila sala. Shenda alifuma mbingu kwa uzi gani? Ukiwa ni nywele zake, na zikamwishia kabla hajamaliza, basi kaskazini kuna pembe ya anga isiyo na nyota, na manahodha wa upande huo hawana cha kulenga usiku.

Kazuru ndiye dhaifu kuliko wote. Mungu mwasi aliyefungwa chini ameshatumika mno, na kinachochosha ni kwamba siku zote amekosea tu. Mpe dai la haki. Huenda nywele za Shenda alizikata yeye kwa amri ya Ulu, kisha adhabu akaibeba peke yake. Halafu jibu maswali ya fundi: kufuli lake limetengenezwa kwa kitu gani, nani alifunga mlango kwa nje, na ni nini bado kinapita, sauti, maji au joto? Gereza lazima liwe na tundu dogo, la sivyo mfungwa hawezi kugusa zama zinazofuata na ulimtaja bure.

Kuhusu 12: wanakuwa wengi kwa sababu umewagawia idara. Mungu wa idara hukaa akingoja kuitwa. Anza na wachache waliofungamana kwa tukio moja: Ulu aliyeamuru, Shenda aliyepoteza, Kazuru aliyeshika kisu, Mbiru aliyeona na kunyamaza. Hao wanne wanatosha kubeba zama tano. Waliobaki wafanye majina ya miji, au watoto, au miungu ambayo mji mmoja unaiabudu na mji jirani unaikana.

Na usianzie kwenye Ukungu. Anzia kwenye ramani uliyo nayo. Chagua mambo saba yasiyo ya kawaida: mji ulioachwa mzima mzima, mto ambao maji yake yana chumvi tangu chemchemi, mnyama ambaye hakuna anayethubutu kumchinja, na mengine ya namna hiyo. Andika asili ya kila moja kwa sentensi tatu. Kisha tafuta visa viwili ambavyo kwa kweli vingeweza kuwa tukio moja. Vikiungana, hapo ndipo ulipo uumbaji wako. Ishia saba, ukifika ishirini kila jiwe litakuwa na mhadhara wake.

Hesabu_Kwanza

Mfuma kamaliza habari ya miungu. Mimi nina ugomvi na zile 10,000 nne.

Zama zenye urefu sawa zinaonesha mkono wa mwandishi, lakini namba za ovyo nazo hazisaidii. Angalia walivyofanya wengine. Wahindu wana yuga nne, yaani zama nne: miaka 1,728,000, kisha 1,296,000, kisha 864,000, kisha 432,000. Gawanya kila moja kwa 432,000 upate 4, 3, 2, 1. Wema unapungua na zama zinafupika kwa kipimo hichohicho. Waazteki wa Meksiko ya kale, ambao kila zama waliziita jua, walihesabu majua manne yaliyokufa kabla ya jua lao, na katika simulizi mojawapo yalidumu miaka 676, 364, 312 na 676. Zote zinagawanyika kwa 52, na 52 ndiyo miaka inayopita hadi kalenda yao ya siku 365 na ile ya siku 260 zikutane tena mwanzoni, yaani siku 18,980. Zama za kale kabisa zimeshonwa kwa kalenda ambayo watu waliitumia kila siku. Wasumeri nao waliandika kwamba kabla ya gharika wafalme 8 walitawala miji 5 kwa miaka 241,200, na wa kwanza, Alulim wa Eridu, peke yake alitawala 28,800. Kila muhula hapo unagawanyika kwa 600, kwa sababu walihesabu kwa msingi wa 60. Baada ya gharika namba zinaporomoka: Gilgamesh anapewa 126, na baadaye wafalme wanafikia miaka ya binadamu wa kawaida.

Kwa Ardhuma nashauri hivi. Chagua kizio kimoja kinachotokana na mwili au anga la ulimwengu wako. Waanu wakiwa na vidole sita kila mkono, watahesabu kwa 12, na mzunguko wao mkubwa utakuwa 144. Kila zama ziwe mafungu ya 144, zikipungua kwa uwiano wenye maana. Halafu zama moja zivunje utaratibu. Wagiriki wa kale wana zama za dhahabu, fedha, bronzi, mashujaa na chuma. Ya nne si madini kabisa. Watu walikuwa tayari na nyimbo za mashujaa wao na ilibidi wapatiwe mahali pa kukaa, hata kama mpango wa madini ungepinda. Kupinda huko ndiko kunakofanya orodha ionekane imerithiwa, haikutungwa jana. Zako za nne zipinde vivyo hivyo.

Sasa Waanu. Tatizo lipo, tena kubwa. Mwaanu wa miaka 850 leo, alipokuwa na miaka 50, alikaa miguuni pa mzee wa miaka 850. Mzee huyo naye alipokuwa na miaka 50 alikaa miguuni pa mwingine wa miaka 850. Huyo wa tatu, zama za tano zilipoanza miaka 2,300 iliyopita, alikuwa na miaka 150 na aliona kwa macho yake. Vinywa vitatu tu! Kwa hiyo hakuna "visakale", yaani hadithi za kale zisizo na shahidi, kuhusu kuanzishwa kwa falme saba. Kuna ushahidi, na yeyote anaweza kwenda kuuliza. Ukirudi hadi zama za tatu, Mwaanu akizaa mtoto akiwa na miaka 300, miaka 10,000 ni vizazi 33 hivi. Kwa binadamu anayezaa akiwa na miaka 25 hadi 30, vizazi 33 ni kama miaka 900.

Una njia tatu. Punguza umri wao hadi 200 au 300. Au refusha zama, jambo litakaloharibu mengine nitakayosema hapa chini. Au weka bei kwenye kumbukumbu: Mwaanu akisimulia jambo aliloliona, analisahau yeye mwenyewe siku hiyo. Mimi ningechukua hii ya tatu, kwa sababu inafuata kanuni ya Mfuma kwamba kila tendo ligharimu, na inawapa Waanu sababu ya kunyamaza bila kuwafanya wachoyo.

Idadi ya watu. Watu 200 wakiongezeka maradufu kila miaka 100, ambayo ni kama asilimia 0.7 kwa mwaka na ni kasi kubwa kwa wakulima wa kale, baada ya miaka 1,000 ni 204,800. Baada ya 1,500 ni zaidi ya milioni 6.5. Baada ya 2,000 ni zaidi ya milioni 209. Zama zako za binadamu zina miaka 10,000. Hesabu hiyo inakulazimisha uweke gharika, njaa au tauni mara kadhaa, la sivyo fupisha zama hizo zifike 1,440. Mimi ningefupisha. Miaka ambayo hakuna kinachotokea ndani yake ni mzigo wa bure.

Chuma. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, chuma 1,538, kwa hiyo kwa kawaida shaba hutangulia. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, takriban sehemu 9 kwa 1, na bati ni adimu na mara nyingi liko mbali na shaba. Palipo na bronzi pana biashara ya masafa marefu. Ukisema majitu walifua chuma, utaulizwa kwa nini binadamu walianza tena na jiwe. Jibu linaweza kuwa zuri: miaka elfu kadhaa inatosha chuma chote kuliwa na kutu, lakini mavi ya chuma, yaani takataka ngumu zinazobaki chuma kikiyeyushwa, hayaozi. Acha vilima vyeusi vya mavi ya chuma katikati ya pori, watu wavilime pembeni bila kujua ni nini.

Lugha. Kilatini kilihitaji kama miaka 1,500 kugawanyika kuwa Kifaransa, Kihispania, Kiitalia na nyinginezo ambazo wasemaji wake hawaelewani bila kujifunza. Kwa hiyo maandishi ya majitu hayawezi kusomwa na shujaa wako kwa kuyakodolea macho. Kinachodumu ni majina ya mito na milima. Wageni hufika, hubadilisha kila kitu, na mto huuacha na jina lake. Tunga mizizi 20 ya lugha ya majitu, itawanye kwenye mito na milima pekee, na miji ipe majina ya lugha changa.

Sauti_Mbili

Halijaguswa jambo moja: nani anasimulia. Mchora, kurasa zako 40 zinasimuliwa na mtu asiyekaa mahali popote, na ndiyo maana zina ubaridi.

Misri ya kale ilikuwa na uumbaji zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Wa Heliopolis walisema Atum aliinuka kutoka kwenye maji ya Nun akawatoa Shu na Tefnut, na ukoo wao ukafika miungu tisa. Wa Hermopolis walianza na miungu wanane, jozi nne za dume na jike. Wa Memphis walisema Ptah aliwaza moyoni, akatamka kwa ulimi, vitu vikawa. Masimulizi hayo yaliishi pamoja, na kila mji ulijiweka karibu na mwanzo. Mwandishi wa ulimwengu wa kubuni anahitaji hali hiyohiyo.

Utaratibu ni huu. Ukurasa wa kwanza: kilichotokea kweli. Ukurasa mmoja tu, kwa maneno makavu, na usimwoneshe mtu. Ukurasa wa pili: kama hekalu la mji mkuu linavyosimulia. Wa tatu: kama wanavyosimulia walioshindwa. Tofauti zisitokee ovyo. Kila tofauti imlipe mtu fulani, na kwa kawaida huwa za aina tatu: lawama imehamishwa, mahali pamehamishwa, au jina limebadilishwa. Lakini weka kitu kimoja ambacho hakibadiliki katika masimulizi yote, mfupa ambao kila mmoja ameuacha bila kujua kwa nini. Kwako kiwe kisu. Msomaji akikikuta kisu kwa mara ya tatu, kwa watu wa tatu, atajua bila kuambiwa kwamba hapo pana ukweli.

Lugha nayo ibadilike kwa zama. Kisasili hakina tarehe, hakina vipimo, hakielezi mtu alijisikiaje. Kinakwenda kwa kiambishi -ka- (akaamka, akasema), sentensi fupi, maneno yanajirudia, na marudio ya mwisho yanavunjika. Zama za majitu ni visakale: koo, majina, nani alimzaa nani, ukubwa uliotiwa chumvi. Zama za Waanu ziwe sifa na maombolezo. Zama za sasa ziwe barua, hukumu, hesabu za ghala. Msomaji ataona muda unasogea hata ukifuta namba zote.

Chukua mfano huu, nikitumia alivyopendekeza Mfuma:

"Ukungu ulikuwapo, na haukuwa na kando. Ulu akaamka. Akasikia baridi. Akasema: Nani atanifunika? Ukungu haukujibu. Akasema tena: Nani atanifunika? Shenda akasema: Nina nywele. Kazuru akasema: Nina kisu. Mbiru hakusema neno.

Kazuru akakata, Shenda akafuma. Wakafuma mashariki. Wakafuma kusini. Wakafuma magharibi. Walipofika kaskazini, nywele zikaisha. Ulu akasema: Kata tena. Kazuru akasema: Imebaki ngozi. Ulu akasema: Kata."

Simama hapo. Usieleze damu wala kilio. Sasa toleo la hekalu, lenye masilahi katika utukufu wa Ulu, linabadilisha mwisho pekee: "Walipofika kaskazini, nywele zikaisha. Kazuru akakata bila kuambiwa." Sentensi moja imehamisha lawama ya ulimwengu mzima, na riwaya nzima inaweza kuwa safari ya kuipata sentensi iliyofutwa.

Kuhusu kuingiza haya kwenye riwaya: usiweke dibaji. Kisasili kiingie pale tu mtu anapokitumia kupata kitu. Hakimu anakitaja ili kumnyima mkulima ardhi. Nahodha anakitaja ili abaki bandarini siku za shwari. Mama anakiimba ili mtoto asitoke nje usiku. Kipande kisizidi aya moja, na cha kwanza kabisa kiwe cha toleo la hekalu, yaani la uongo, ili msomaji aliamini kabla ya kulitilia shaka. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mzee mwenye ndevu anayeketi na kumsimulia shujaa zama zote kwa mpangilio. Hakuna anayesimulia hivyo kwa mtu aliyekulia kwenye nchi hiyohiyo. Anayeijua dini yake huambiwa nusu ya sentensi, nusu nyingine anaijaza mwenyewe.

Mchora_Ramani

Nimewaelewa, na nimeshapangua. Miungu ni wanne. Zama sasa zina miaka 5,760, 4,320, 2,880 na 1,440, mafungu ya 144 kwa uwiano wa 4, 3, 2, 1. Zama zitakazopinda ni hizi za mwisho, ambazo zimezidi urefu wa zile za binadamu na makuhani wanaogopa kwa nini hazijaisha. Waanu wanapoteza wanachokisimulia.

Limezaliwa lingine. Ile ngozi ya Shenda nimeifanya mwezi: katika zama za tatu Ulu anaitundika angani ili izibe tundu la kaskazini, lakini haikai, inazunguka. Nini kinabadilika duniani mwezi unapotokea mara ya kwanza? Na kifo kwa binadamu kiingie wapi?

Maji_Mafu

Ngozi inayotafuta tundu lake ni nzuri sana, na anga linakusaidia: mwezi hupita kwenye ukanda uleule wa njia ya jua, kwa hiyo ngozi ya Shenda haitafika kaskazini kamwe. Usiguse hapo.

Kinachobadilika kwanza ni bahari. Bila mwezi maji bado hujaa na kupwa, kwa sababu jua nalo huyavuta, ila kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Yatajaa na kupwa saa zilezile kila siku, na hakuna bamvua (siku za kujaa na kupwa kukubwa) wala maji mafu (siku za kujaa na kupwa kudogo). Mwezi ukitundikwa, kujaa kunachelewa kwa kama dakika 50 kila siku, na bamvua inakuja takriban kila baada ya wiki mbili. Pwani iliyokuwa na ukanda mwembamba wa kupwa sasa inapata ukanda mpana wa matope, matumbawe na viumbe vya majini vya kuokota. Majitu walijenga gati zao kwa kipimo cha bahari ya zamani. Siku za bamvua, gati zote za majitu zinafunikwa na maji, na hiyo ndiyo alama ya kujaza safu ya pili ya Mfuma. Kwenye safu ya tatu weka wavuvi ambao leo huvua juu ya gati hizo na kulipia ushuru mahali ambapo hakimu anasema ni bahari na wao wanasema ni nchi.

Cha pili ni giza. Kabla ya mwezi kila usiku ni usiku wa giza, kwa hiyo majitu hawasafiri usiku, hawavizii usiku, na vita vyao vyote ni vya mchana. Usiku wa kwanza wenye mwanga uwe tukio la kutisha: wanyama wawindao wanashindwa kuvizia, na mawindo nayo yanaonekana.

Cha tatu ni kalenda. Mwezi wa angani huzunguka kwa siku 29.5, na 12 kati ya hiyo ni siku 354. Ukiushika mwaka wa siku 365, zinabaki siku 11. Waanu waliozaliwa na mwezi watahesabu kwa mwezi. Dini ya zamani zaidi itahesabu kwa pumzi ya Ulu, yaani kwa upepo na jua. Sikukuu zao zitaachana siku 11 kila mwaka na kukutana baada ya miaka kama 33. Mwaka wa kukutana uwe mwaka wa riwaya yako. Siku zinazobaki zinahitaji kisa. Wamisri walikuwa na miezi 12 ya siku 30, na zile siku 5 za ziada wakazifanya siku za kuzaliwa kwa Osiris, Horus, Set, Isis na Nephthys.

Kifo. Amua kwanza kama kiliingia kwa adhabu, kwa bahati mbaya au kwa makubaliano, kwa sababu kila kimoja huzaa jamii tofauti. Adhabu huzaa toba na makuhani wenye nguvu. Makubaliano huzaa sheria, na watu wa kutafuta mwanya ndani yake. Bahati mbaya huzaa huzuni isiyo na wa kulaumiwa. Mfano wa hiyo ya mwisho unajulikana kwa watu wengi wa Afrika: kinyonga alitumwa kuwaambia watu hawatakufa, akachelewa njiani; mjusi akatangulia na habari ya kifo, na neno lililofika kwanza halikurudishwa. Kwako naona makubaliano ndiyo yanafaa. Watu 200 wako pangoni, mlango wa pango ni lile tundu la gereza la Kazuru, naye anawafungulia kwa sharti. Sharti gani, liandike kwenye ule ukurasa wa kwanza wa Sauti_Mbili na ulifungie humo.

Na watu wa zama zilizokufa usiwapoteze tu. Kwa Waazteki, jua la upepo lilipokufa watu wake wakawa nyani, la mvua ya moto wakawa batamzinga, la maji wakawa samaki. Majitu wako wamekuwa nini? Yule mnyama asiyechinjwa aliyetajwa juu anaweza kuwa jibu, na hapo visa viwili vya orodha yako ya saba vimeungana.

Jambo la mwisho ni la uhariri, na Kiswahili kinakutegea mtego. Zama mbili za kwanza hazina mwezi angani, kwa hiyo haziwezi kuwa na mwezi wa kalenda. Pitia kurasa hizo moja moja. Kila penye "baada ya miezi sita" weka "Ulu alipomaliza kutoa pumzi", penye "mwezi mmoja" hesabu kwa siku au kwa mvua, na "mbalamwezi" isionekane popote kabla ya ngozi kutundikwa. Angalia na majina ya watu. Ukiwa na jitu linaloitwa kwa neno lolote la mwezi, mbadilishe, au mwache kwa makusudi awe yule aliyeuota kabla haujakuwapo.